Begi la Pagma Limetangulia

Jirani yangu Pagma alikuwa safarini miaka miwili mizima, na katika miaka hiyo hakukosa hata jioni moja kuja kunywa chai kwangu. Simsingizii. Muulize yeyote katika jengo letu, atakwambia begi lake lilitoka siku gani, saa ngapi, na likaelekea upande gani. Aliyebaki ni mwenye begi.

Ngoja nieleze, maana nikiishia hapo mtadhani mwenye wazimu ni mimi. Hapa Ulaanbaatar tunapanda ndege kama watu wengine, lakini hatutoki nyumbani hovyo hovyo. Mwenye safari ndefu huenda kwanza kwa lama, mtawa wa Kibudha. Lama hufungua kitabu, hutazama mwaka uliozaliwa, kisha hukwambia utoke siku ya Farasi, saa ya Sungura, uso kusini-mashariki. Tatizo ni kwamba mashirika ya ndege hayasomi kitabu hicho. Kwa hiyo wazee, Mungu awape nini sijui, walituachia upenyo: siku njema ikifika kabla ya ndege, unatoa begi. Begi linavuka kizingiti kwa saa iliyotajwa, linaelekea upande uliotajwa, linalala kwa jirani. Hapo safari imeanza. Siku ya ndege hata ikiwa na nuksi haidhuru, unalipitia begi lako na kwenda, kwa sababu wewe ulishatoka zamani. Sharti ni moja tu, begi likishatoka halirudi ndani. Kulirudisha ni kutafuta maradhi.

Mlango unaotazamana na wa Pagma, upande wa kusini-mashariki, ni wangu. Sikuomba.

Angekuwa mwoga wa kuzaliwa ningemhurumia. Lakini Pagma si mwoga, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Miaka ishirini na saba aliendesha kreni katika kiwanda cha kuta za zege. Asubuhi ya Januari, baridi ya kupasua chupa, alipanda ngazi ya chuma hadi kwenye kijumba chake kule juu, akanyanyua ukuta mzima wa nyumba na kuutua palepale ulipotakiwa, huku wanaume chini wameshika kofia zao. Jengo tunaloishi lina kuta alizozinyanyua yeye. Sasa umwambie apande ndege, yenye ngazi pana na binti wa kukuletea maji ya matunda, goti linamuuma.

Wala safari yenyewe si ya mwezini. Ni Busan, Korea, mwendo wa saa nne hivi angani. Muda huo mimi huumaliza kwenye benchi la zahanati nikisubiri kupimwa presha. Huko Busan yuko Ninjin, mwanawe wa pekee, aliyekwenda kushona viti vya magari kiwandani kwa kibali cha miaka mitatu, na mwaka huu ulikuwa wa saba. Kibali kilikwisha, yeye akabaki. Akitoka nchini humo, mlango unafungwa nyuma yake, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mwanawe Anand, mtoto ambaye baba yake ana shughuli nyingi mno, hata jina lake hatujapata nafasi ya kulisikia. Anand ana miaka mitano. Bibi yake hajawahi kumshika mkono. Ninjin hawezi kuja, basi wa kwenda ni Pagma. Hakuna wa tatu.

Viza ya kwanza ilipotoka tulifanya sherehe. Lama akataja siku, begi likavuka kizingiti cha Pagma saa moja na nusu asubuhi, likapiga hatua nne kwenye korido na kuingia kwangu. Ndani yake kulikuwa na nyama kavu ambayo forodha ya Korea haitaki hata kuiona, joho la hariri la mtoto wa miaka mitatu, sufuria, na dawa za goti. Siku ya ndege ilipofika, goti likakataa kuzitambua dawa zake. Pagma alilala kitandani ananung'unika, akanituma nimwambie dereva wa teksi asimsubiri. Kufika saa nane mchana, ndege ikiwa imeshavuka mpaka, nilimkuta uani anakung'uta zulia.

Viza ikafa. Begi likabaki chumbani kwangu linanuka nyama, na kila jioni Pagma alivuka korido kuja kulijulia hali. Analipapasa kidogo, anakaa, namimina chai ya siagi, ananihadithia kesho yake atafanya nini. Nikimchokoza anajibu kwa upole, "Kawia ufike, mdogo wangu." Kukawia alikuwa amekuweza vizuri sana.

Viza ya pili ilikuja mwaka uliofuata. Lama akataja siku nyingine njema, na hapo pakazuka swali la kitaalamu: begi ambalo limeshatoka, linatokaje tena? Kwake haliwezi kurudi. Basi likatokea kwangu. Saa ya Joka, uso kusini-mashariki, tukalikokota hadi kituo cha basi, kwenye kibanda cha Tsogoo fundi viatu, naye akalipokea kwa heshima na tangu siku hiyo akawa analikalia akishona soli. Safari hii goti lilikuwa zima. Tulipanda teksi wote wawili, tukalipitia begi kwa Tsogoo, tukafika darajani. Darajani Pagma akakumbuka miwani ya kusomea. Pagma hasomi. Nikamwambia miwani nitampa yangu, nikamwambia Korea kuna miwani, nikamwambia mengine ambayo dereva mpaka leo anayasimulia. Hakusikia. Tukageuza gari, na kwetu sisi mtu akirudi nyumbani kuchukua alichosahau, safari hiyo imekufa papo hapo. Yeye ndiye aliyenikumbusha hilo, ameketi kitandani na miwani yake mkononi, na naapa uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga. Begi likateremshwa tena kwa Tsogoo.

Viza ya tatu hatukuitarajia. Binti wa wakala wa safari alipomkabidhi pasipoti alimtazama Pagma usoni na kumwambia, bila ukali, kwamba hii ndiyo ya mwisho, watu waliopewa mara tatu na kuziacha zioze hawapewi ya nne. Mwisho wa kuingia Korea kwa viza hiyo ulikuwa tarehe ishirini na nane. Ndege ilikuwa tarehe ishirini na saba, siku ya Chui, siku ambayo kitabu kinasema hata mbwa asitoke. Siku njema ilikuwa tarehe tisa. Kwa hiyo tarehe tisa begi likaondoka kwa Tsogoo, aliyehuzunika kweli kweli kupoteza kiti chake, likapelekwa kwa Dambii, binamu wa marehemu mume wa Pagma, anayeishi nje ya mji kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Kilomita arobaini. Begi la Pagma lilikuwa limefika mbali kuliko Pagma alivyowahi kufika tangu mumewe afariki.

Watu walicheka, nami nikiwa wa kwanza. Mimi ni Horloo, nilikuwa kondakta wa basi la umeme miaka thelathini, nimejibizana na walevi, wanasheria na wachungaji wenye kondoo mabegani, na ulimi wangu hauna breki. Nilimwita Pagma mheshimiwa balozi. Nilimuuliza hali ya hewa ya Busan. Lakini niseme ukweli, kwa kuwa hayupo hapa kunisikia. Wanangu wawili wako mji wa Darkhan, hunipigia simu Mwaka Mpya na siku simu zao zinapobonyeka kwa bahati mbaya. Jioni ya mtu wa umri wangu ni ndefu. Kila mara Pagma alipougua goti, mdomo wangu ulimkebehi na moyo wangu ukaenda kubandika birika. Nilifurahi. Nilijua ni furaha mbaya, na niliinywa hivyo hivyo, siku baada ya siku, na siagi juu.

Tarehe ishirini jioni, siku saba kabla ya ndege, Pagma aliingia akichechemea.

Nilimtazama akivuka chumba kushika kiti. Akasema ni hewa tu, pengine mvua inakuja. Akanywa chai, akanieleza jinsi siku ya Chui ilivyo mbaya, na kwamba amemsikia mtu aliyesafiri siku ya Chui akapotelewa na meno ya bandia. Usiku huo sikulala vizuri. Nilimwona Anand jinsi nilivyomwona kwenye simu ya bibi yake, mtoto mwembamba anayesema "bibi" kwa lafudhi ya Kikorea, na nikapiga hesabu kwamba nimekunywa chai ya mtoto yule miaka miwili.

Asubuhi nikaenda kwa lama Choidog. Ni kijana wa kama miaka arobaini, ana simu mbili na kitabu kimoja. Nilimwomba aniandikie kwamba siku ya Chui ni njema. Aligeuza kurasa kwa adabu, akasema siku ya Chui ni mbaya na yeye hawezi kuibadilisha, hata akiombwa na mama wa makamo mwenye sauti kama yangu. Kisha akaniuliza, huyu mama wa goti si ndiye begi lake lilishatoka mara tatu?

"Ndiye," nikasema.

"Basi kwa kitabu hiki yuko njiani. Aliye njiani hana siku mbaya ya kuondoka, kwa sababu haondoki. Mimi siku nimempa tatu, mama. Miguu haimo humu." Akapokea simu ya pili.

Nilirudi kwa miguu nikilitafuna neno hilo. Lilikuwa na akili. Kama Pagma yuko njiani, basi huku hayupo. Na mtu ambaye hayupo hapewi chai.

Jioni akagonga mlango. Nikauliza ni nani.

"Pagma."

"Pagma amesafiri," nikajibu nikiwa nimekaa.

Akacheka. Akagonga tena. Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba kama ni jamaa yake Pagma nasikitika, jirani yangu aliondoka zamani, akirudi nitampa salamu. Alisimama muda akidhani ni utani wa kondakta, halafu nikasikia mlango wake ukifungwa. Chai ya siku ile niliimwaga.

Kesho yake nililitangazia jengo zima. Sikuhitaji nguvu nyingi, watu walikuwa wameingojea nafasi hii miaka miwili. Mwuza duka wa chini alipomwona Pagma alimpongeza kwa kurudi salama na kumuuliza kama Wakorea kweli wanakula kabichi asubuhi. Mama anayefagia ngazi aliniuliza mbele yake kama nyumba ya Pagma ni ya kupangisha. Tsogoo, mtu mpole asiyejua kukejeli, alimwambia tu kwamba alimtegemea awe mbali, akainama kuendelea na soli yake. Nadhani la Tsogoo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Siku ya pili jioni Pagma aligonga kwa ngumi. Akaniita mchawi, akasema nina roho ya mkaguzi wa tiketi. Nikamwambia sauti yake inafanana sana na ya rafiki yangu aliye Korea. Siku ya tatu aligonga taratibu. Mimi, nyuma ya mlango, nikasema neno nililokuwa nimelishikilia muda mrefu, nalo sikulisema kwa utani.

"Dada Pagma, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Lile joho ulilompakilia lingemtosha alipokuwa na miaka mitatu. Sasa hata mkono hauingii."

Nikangoja mlango wake ufungwe, haukufungwa. Nikafungua wangu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za korido, mikono magotini, na lile goti bovu amelikunja kama la msichana.

Sikumkaribisha ndani, nilikuwa nimeshaapa. Nilitoa chupa ya chai na bakuli mbili, nikaketi kando yake kwenye zege baridi. Tukanywa. Watu walipita, wakatusalimu, wakaruka miguu yetu.

"Unazijua picha anazonitumia Ninjin?" akauliza.

Nani asiyezijua? Nilionyeshwa moja moja, bahari nyuma, Ninjin mbele, upepo kwenye nywele.

"Zote ni baharini," akasema Pagma. "Miaka saba, bahari, na koti lile lile moja. Hakuna hata picha moja ya ndani ya nyumba. Nikimwambia anionyeshe chumba kwenye simu, mtandao unakatika. Kila mara mtandao unakatika hapo hapo." Akazungusha bakuli mkononi. "Mimi siogopi ndege, Horloo. Nisipokwenda, mwanangu anaishi baharini. Nikienda, nitaona anapoishi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumkebehi Pagma, ya miaka miwili, yamepangwa kama sahani kabatini. Niliyaacha humo humo. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu, maana nilikuwa nimecheka goti na kumbe goti halikuwa na habari.

"Yeye naye anaogopa usione," nikamwambia. "Ndiyo maana mtandao unakatika. Wewe unaogopa kutazama, yeye anaogopa kutazamwa, na mtoto anakua hapo katikati. Wa kutangulia ni mkubwa, dada. Huyo ni wewe."

"Naanzaje?"

"Mbona ulishaanza? Umo njiani tangu mwaka juzi. Hujui tu kuendelea."

Alitabasamu kidogo. Kwa kuwa tulikuwa tumefika kwenye kweli, nikamtolea na yangu. Nikamwambia kila alipobaki nilifurahi, kwamba nilikuwa nikimcheka mbele za watu na kumwombea abaki, na kwamba siku ya darajani nilimtukana sana kwa sababu nilijishika nikishukuru. Nilitegemea aniite mchawi tena, na safari hii angekuwa na haki.

"Nilijua," akasema. "Mtu anayetaka mgeni aende hamtilii siagi kwenye chai."

Siku ya Chui kukapambazuka na ukungu, kama kitabu kilivyoahidi. Dambii alikuja na gari, begi likiwa limeshapakiwa nyuma. Pagma alitoka kwake kwa mguu wa kulia, amevaa joho lake la buluu, hana mkononi ila pasipoti na mkoba mdogo. Wakazi wa jengo walikuwa madirishani wote, wengine wamebeba vikombe. Tsogoo alifunga kibanda akaja na kusimama mbali kidogo. Hakuna aliyecheka.

Kwetu anayebaki humwagia njia maziwa anayekwenda, kwa hiyo mimi nilikuwa na bakuli la maziwa na upawa wa mbao, na sikuweza kumsindikiza hadi uwanjani. Akaniuliza akikumbuka kitu njiani afanyeje. Nikamwambia akinunue huko. Akaniuliza nani atakuwa anakunywa chai na mimi.

"Tsogoo," nikasema. "Ana adabu kuliko wewe."

Akanishika mkono na kuubana hadi vidole vikaniuma. Zilikuwa bado ni zile nguvu za vyuma vya kreni. "Horloo. Niambie nisiende. Ukiniambia wewe, nitabaki."

Nilimtazama. Najua watu hudhani kauli za namna hiyo ni za kuaga tu, lakini hii haikuwa ya kuaga. Alikuwa ananiuliza kweli, na jibu nililokuwa nalo tumboni halikuwa lile lililotakiwa. Ningesema neno moja tu. Saa tatu asubuhi tungekuwa mezani, birika limechemka.

"Dambii," nikasema, "washa gari."

Nikarusha maziwa nyuma ya magurudumu, upawa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mengine yalimwagikia viatu vyangu.

Halafu nikapanda nyumbani, nikavuta kiti dirishani. Ndege ilikuwa saa nane. Watu wema wangesema walikaa dirishani wakimwombea jirani yao safari njema. Mimi nilikaa nikiitazama barabara kutoka upande wa darajani. Kila gari jeupe lililokata kona nilijua ni la Dambii, na kila lililopita moja kwa moja nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia vibaya zaidi kwa kujisikia vile. Saa tano, hakuna. Saa saba, hakuna. Saa tisa Dambii alipiga simu kusema amemwona kwa macho yake akipita kwa askari wa pasipoti, hakugeuka nyuma, na hakuwa anachechemea. Nikasema vizuri. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku mbili hakupiga. Jengo zima likaanza kuja kuniuliza hali ya hewa ya Busan, na nikajua utani ule una ladha gani. Siku ya tatu jioni, saa yetu ile ya chai, simu ikalia.

Alinionyesha dari. Pagma hajui kushika simu, nilidhani ni hivyo, kumbe hakutaka niuone uso wake. Alizungumza chini chini, mtoto amelala. Akasema wanaishi chumba kimoja chini ya nyumba ya watu, dirisha liko juu karibu na dari, na ukitazama nje unaona viatu vya wapita njia. Ukuta una ukungu mweusi wa unyevu upande mmoja. Akasema Ninjin alipomfungulia hakusema karibu wala hakumkumbatia. Alisimama mlangoni ameuziba kwa mwili wake na kusema, "Mama, usitazame."

"Ukafanyaje?"

"Nikatazama."

Nikamuuliza kama ni vile vile alivyokuwa akiogopa.

"Ni kubaya zaidi," akasema, "na mwanangu amekaa humo peke yake miaka yote hiyo ili mimi niendelee kuona bahari." Nikasikia bomba likidondosha maji mahali fulani nyuma yake. "Kuna godoro, Horloo. Alilinunua viza ya kwanza ilipotoka. Chumba hakina pa kugeukia, watu wawili wakisimama mmoja inabidi aketi, na godoro limesimama ukutani miaka miwili ndani ya nailoni yake. Mtoto alikatazwa kuligusa. Nilipoingia alinionyesha kwa kidole, akaniambia lile ni la bibi, haliguswi, bibi anakuja kesho."

Nilikuwa nikilia, na sikujali kama anasikia.

"Umelilalia?" nikamuuliza hatimaye.

"Jana," akasema Pagma. "Mtoto alikataa kupanda mpaka nilipoichana ile nailoni mwenyewe. Kisha tukalala wote watatu."